Seli ikiwa na oksijeni na ikiwa haina: mwongozo kamili, kuanzia hamira ya vitumbua mpaka hesabu ya ATP

Mchele umelala kwenye maji usiku kucha, alfajiri umesagwa na tui, ukatiwa sukari, iliki na hamira, bakuli likafunikwa kitambaa. Baada ya kama saa moja unafunua, unga umepanda mpaka ukingoni, juu una vishimo vishimo, ukiinamisha pua unakutana na harufu kali kidogo, kama pombe changa. Harufu hiyo ndo mada yetu yote. Kwenye lile bakuli kuna mamilioni ya seli za hamira zinavunja sukari bila kusubiri oksijeni, na wewe uliyeshika upawa una seli zinavunja sukari ileile kwa kutumia oksijeni, sasa kazi yetu ni kuzilinganisha hatua kwa hatua, kwa macho kwanza halafu kwa kalamu.

Nafundisha tuisheni ya baiolojia na nimeona watoto wanakariri jedwali la tofauti, upande mmoja "inatumia oksijeni" upande mwingine "haitumii", wanapata maksi zao wanaenda, ukimuuliza kwa nini hiyo isiyotumia oksijeni inatoa nishati kidogo anakuangalia tu. Naumia sana nikiona hivyo maana jibu lipo jikoni kwao. Kwahiyo fuata huu mwongozo taratibu, unahitaji siku tatu na vitu vya bei ndogo.

Hatua ya 1: tenganisha maneno kabla hujagusa chupa

Kiswahili chetu hapa kinatuponza kidogo. Kuvuta hewa ndani na kuitoa tunaita kupumua, na kile kinachotokea ndani ya seli nacho vitabu vinaita upumuaji, basi mtu anabaki anaamini nishati inatengenezwa kwenye mapafu. Hapana. Mapafu yanabadilishana hewa tu na damu. Kuvunja chakula ili kupata nishati kunafanyika ndani ya kila seli iliyo hai, ya ubongo, ya kidole cha mguu, ya mzizi wa mhindi, hata ya hamira ambayo haina pafu lolote. Mimi darasani nimeamua hivi: kuvuta na kutoa hewa ni kuhema, na kazi ya ndani ya seli ni respiresheni. Nitatumia hivyo mpaka mwisho.

Na kitu cha pili, ATP. Hii ni molekuli ndogo ambayo seli inaitumia kama chenji ya mkononi. Glukosi, yaani sukari ndogo ambayo seli inaivunja, ni noti kubwa, huwezi kulipia kila kitu kidogo kwa noti kubwa, lazima uivunje kwanza, na respiresheni ndo huko kuvunja noti. Swali letu lote ni moja: noti ileile ukiivunja penye oksijeni unapata chenji ngapi, ukiivunja pasipo oksijeni unapata ngapi, na ile iliyobaki iko wapi?

Hatua ya 2: andaa vitu, na maji ya chokaa uyatengeneze usiku wa kuamkia

Unahitaji chupa tatu za plastiki za nusu lita, maputo matatu, pakiti ya hamira kavu, sukari, mafuta ya kula kidogo, choroko au maharage kama vikombe vinne, chupa za chai mbili, pamba, themomita mbili (hata moja inatosha kama utapima kwa zamu), mrija wa kunywea soda, na mpira mwembamba kama ule wa dripu, mpya, duka la dawa wanao.

Maji ya chokaa ndo yanawashinda wengi. Chukua chokaa ya unga ya kupakia ukuta, ile iliyokwisha kuzimwa, vijiko viwili vya chakula kwenye lita moja ya maji safi, tikisa, funga, acha usiku kucha. Asubuhi utakuta unga umetuama chini na juu maji maangavu kabisa kama ya kunywa, hayo ya juu ndo unayoyataka, yamimine polepole bila kuvuruga au yapitishe kwenye kitambaa safi. Chokaa ya shambani ya kupunguza tindikali kwenye udongo mara nyingi ni kitu kingine, haitakupa matokeo, na chaki ya ubaoni nayo usihangaike nayo. Halafu angalia macho yako, chokaa inaunguza, ikiruka jichoni osha na maji mengi papo hapo uende hospitali, na usiiache mezani kwenye chupa isiyo na maandishi maana mtoto ataiona ni maji.

Usiku huohuo loweka choroko. Asubuhi zimwage maji, zifunike na kitambaa chenye unyevu, mpaka kesho yake uone vijimkia vyeupe vinatoka. Hizo zinaota, na mbegu inayoota inafanya respiresheni kwa kasi kubwa kwa sababu inajenga mwili mpya kutoka kwenye akiba yake.

Hatua ya 3: chupa za hamira, upande wa bila oksijeni

Chemsha maji kama lita moja, yaache yachemke dakika kumi hivi, funika, yapoe bila kuyatikisa. Tunachemsha ili kuitoa oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, ukiyatikisa yakipoa unairudisha yote. Yakiwa ya uvuguvugu, yaani ukitumbukiza kidole husikii moto wala baridi, kama nyuzi 35 mpaka 40, yagawe kwenye chupa.

Chupa ya kwanza tia vijiko viwili vya chai vya sukari na kijiko kimoja cha hamira, zungusha polepole ichanganyike, halafu mimina juu mafuta ya kula yafunike uso wa maji, haya ni mfuniko wa kuzuia oksijeni ya hewani isiingie. Vika puto mdomoni. Chupa ya pili fanya hivyohivyo ila usitie sukari. Chupa ya tatu tia sukari, na hamira yake iwe umeichemsha kwanza kwenye maji kidogo dakika tano, hii imekufa. Usiruke chupa ya pili na ya tatu, bila hizo mtu anaweza kukwambia puto limejaa kwa sababu ya joto au sukari tu na hutakuwa na cha kumjibu.

Weka mahali pa joto, subiri. Kwenye chupa ya kwanza baada ya robo saa utaona vipovu vidogo vinapanda, vinakusanyika chini ya mafuta, halafu vinapasuka kimoja kimoja. Baadaye puto linasimama wima. Ya pili linaweza kuinuka kidogo tu, maana hamira nayo ina akiba yake ndani. Ya tatu hamna kitu.

TAFADHALI usifunge chupa ya hamira kwa kifuniko chake ukaiacha. Fanya hesabu uone: vijiko viwili vya sukari ni kama gramu 10, hamira ikiivunja yote inatoa karibu lita 3 za hewa ukaa, na chupa yako ni ya nusu lita. Ndo maana chupa za tangawizi ya kienyeji zinapasuka usiku watu wamelala.

Sasa thibitisha ni hewa gani. Toboa kifuniko cha chupa, pitisha ule mpira, ziba pembeni kwa unga uliokandwa mgumu, ncha ya pili itumbukize kwenye glasi ya maji ya chokaa. Hapo haijafungwa maana hewa ina njia ya kutoka. Vipovu vinatoka, na maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa na ukungu, halafu yanakuwa kama maziwa yaliyochanganywa maji mengi. Ni hewa ukaa. Siku ya pili fungua chupa, nusa. Harufu ya kileo iko wazi kabisa, na huyo kileo ndo shahidi wetu mkubwa, tutarudi kwake.

Hatua ya 4: mbegu na wewe mwenyewe, upande wa penye oksijeni

Hapa nasema kitu ambacho kwenye notsi nyingi hakipo. Watu wengi wanataka kulinganisha kwa kuweka chupa moja ya hamira wazi na nyingine imefunikwa mafuta, halafu wanachanganyikiwa kwa nini zote mbili zinatoa harufu ya pombe. Sababu ni kwamba hamira hii ya mikate, ikikuta sukari nyingi, inatengeneza kileo hata kama oksijeni ipo. Ndo tabia yake. Kwahiyo kwa upande wa oksijeni usiitegemee hamira, tumia mbegu zinazoota na mwili wako.

Chukua kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka choroko zinazoota, katikati simamisha kikombe kidogo cha maji ya chokaa, funga vizuri mpaka kesho. Kopo la pili weka choroko zilizochemshwa, na kikombe chake. Kesho yake kikombe cha kwanza kina utando mweupe, cha pili kiko karibu safi. Halafu washa njiti ya kiberiti, fungua kopo la kwanza kidogo tu, shusha njiti ndani. Inazimika, kwa sababu hewa ya mle sasa imejaa hewa ukaa na oksijeni mbegu zimeitumia. Kwenye kopo la pili njiti inaendelea kuwaka kama kawaida. Mimi hiki kipande cha njiti nakipenda kuliko vyote, darasa zima linanyamaza.

Na wewe puliza kwa mrija kwenye maji ya chokaa, taratibu, usinyonye hata kidogo. Yanakuwa meupe ndani ya muda mfupi. Yakishakuwa meupe ACHA, maana ukiendelea kupuliza yanarudi kuwa safi, ule unga mweupe unageuka kitu kingine kinachoyeyuka, na nimeona mwanafunzi anaandika "hakuna mabadiliko" kumbe alipitiliza tu.

Choroko nyingine zinazoota zijaze kwenye chupa ya chai kiasi cha robo tatu, na zilizochemshwa (zikishapoa kabisa!) kwenye chupa ya chai ya pili. Kabla ya kujaza, suuza mbegu zote za pande mbili kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, matone machache, ili bakteria wasije kukupikia joto lao ukadhani ni la choroko. Ziba mdomo kwa pamba, sio kifuniko, hewa ipite, chomeka themomita kupitia pamba mpaka iguse mbegu. Andika nyuzi za mwanzo. Ziache, tutazifungua mwisho.

Hatua ya 5: ngumi mia

Inua mkono mmoja juu ya kichwa, mwingine uning'inie. Fungua na funga ngumi zote mbili kwa mwendo mmoja, haraka, huku unahesabu. Mkono wa juu utaanza kuwaka moto na kuwa mzito mapema, wa chini bado unadai. Damu kupanda juu ni kazi, kwahiyo misuli ya mkono wa juu inapata oksijeni kidogo kuliko inavyohitaji na inalazimika kuegemea zaidi ile njia isiyotumia oksijeni. Mwenye ugonjwa wa moyo au siko seli asifanye, ahesabie wenzake tu.

Neno nililotumia hapo ni "kuegemea zaidi" na sijalitumia kwa bahati mbaya. Misuli haizimi njia moja ikawasha nyingine kama swichi ya taa. Zote mbili zinaenda pamoja, kinachobadilika ni kiasi. Mkenya Ferdinand Omanyala alivyokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi mwaka 2021, sehemu kubwa sana ya nishati ilitoka kwenye akiba iliyokuwa tayari ndani ya misuli na kwenye njia isiyohitaji oksijeni, kwa sababu kwa muda mfupi vile moyo na mapafu havijawahi hata kukoleza. Lakini Mkenya mwenzake David Rudisha kwenye mita 800 za Olimpiki ya London 2012, dakika 1 sekunde 40.91, zaidi ya nusu ya nishati ya mbio kama zile inatoka kwa oksijeni, na bado njia ya pili inafanya kazi kwa nguvu zote. Mzunguko wa kwanza alikimbia kwa sekunde 49.28, wa pili 51.63, na ule ndo rekodi ya dunia. Ukija kwenye marathoni, karibu yote ni oksijeni, hakuna mtu anaweza kukimbia saa mbili kwa asidi laktiki.

Hatua ya 6: chukua kalamu, fuata kaboni

Sasa tunaingia ndani ya seli. Glukosi ina kaboni 6. Chora duara sita zilizoungana.

Mwanzo ni mmoja kwa wote, na hapa ndo jedwali za kukariri zinapowapotosha watu. Kwenye saitoplazimu, yaani ule ute uliojaza seli, glukosi inakatwa katikati zinapatikana molekuli mbili zinazoitwa pairuveti, kila moja kaboni 3. Kuikata seli inalipa ATP 2, inapata 4, faida 2. Hatua hii inaitwa glaikolisisi na haihitaji oksijeni kabisa, iwe kwa hamira, kwa choroko, kwa Rudisha. Wakati wa kukata, haidrojeni zinatolewa kwenye sukari na zinabebwa na kitu kinaitwa NAD.

Hii NAD ielewe kama kreti la soda. Mwenye duka anajua, ukienda kwa wa jumla bila kreti tupu hupewi mzigo mpya, hata kama hela unayo. Seli nayo ina makreti machache tu. Yakijaa haidrojeni yote na hakuna pa kushushia, glaikolisisi inasimama hata kama sukari imejaa tele, na zile ATP 2 nazo zinakosekana. Kwahiyo swali la seli ni "nishushie wapi hizi haidrojeni nipate kreti tupu?" Jibu la swali hilo ndo tofauti yote kati ya penye oksijeni na pasipo.

Penye oksijeni: pairuveti zinaingia ndani ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli. Kila moja inadondosha kaboni 1 kama hewa ukaa, zinabaki 2, hizo zinaunganishwa na kitu chenye kaboni 4 inakuwa 6, halafu kwenye mzunguko zinadondoshwa mbili tena kama hewa ukaa mpaka inarudi 4 na kuanza upya. Huu mzunguko aliueleza mwanabiokemia Hans Krebs mwaka 1937 akiwa Sheffield, Uingereza, akapewa Nobel mwaka 1953. Haidrojeni zote zinazovuliwa njiani zinapelekwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, elektroni zake (vile vichembe vyenye chaji hasi) zinashuka kituo hadi kituo na kila kushuka kunatoa nguvu ya kusukuma protoni (haidrojeni iliyovuliwa elektroni) upande mmoja wa utando, protoni zinarudi kupitia enzaimu (protini inayoendesha kazi za kemikali kwenye seli) inayozunguka kama pangaboi la bwawa la umeme, na hapo ATP zinatengenezwa kwa wingi. Mwisho wa mstari kuna oksijeni. Inapokea elektroni na haidrojeni inakuwa maji. Yaani oksijeni sio kuni, kuni ni sukari, oksijeni ni pale stoo pa kushushia makreti.

Pasipo oksijeni, hamira: pairuveti inadondosha kaboni 1 kama hewa ukaa (zile za puto), kinachobaki chenye kaboni 2 kinapokea haidrojeni na kuwa kileo, ethanoli. Kreti limekuwa tupu. Misuli yako haina hiyo enzaimu ya kudondosha kaboni kwa njia hiyo, kwahiyo pairuveti yenyewe inapokea haidrojeni moja kwa moja na kuwa asidi laktiki. Kreti limekuwa tupu. Ona sasa, hizi hatua za mwisho za kileo na laktiki hazitengenezi ATP hata moja, kazi yake ni kurudisha kreti tu ili ile faida ya ATP 2 ya mwanzo iendelee kupatikana.

Hesabu kaboni zilizotoka kama hewa ukaa kwa kila glukosi moja: penye oksijeni 6, hamira 2, misuli 0. Sita, mbili, sifuri. Ukishika hizo namba tatu unaweza kuandika milinganyo yote mitatu bila kukariri. Na jibu la mtihani linalowatoa watu maksi, "misuli ikikosa oksijeni inatoa hewa ukaa na asidi laktiki", unaliona mwenyewe kwamba ni kosa.

Hatua ya 7: linganisha nishati, na uulize iliyobaki iko wapi

Vitabu vyetu vingi vya sekondari vinaandika hivi: glukosi ikivunjwa na oksijeni ni kilojuli (kipimo cha nishati) 2880 kwa moli, yaani kwa gramu 180 za glukosi, kwenda kwenye kileo 210, kwenda kwenye asidi laktiki 150. Kwa ATP, penye oksijeni ni 30 mpaka 32, pasipo ni 2. Utakutana pia na 38, hiyo ni hesabu ya zamani iliyochukulia hakuna kinachopotea, ila kiukweli kuna gharama za kupitisha vitu kwenye utando na protoni nyingine zinavuja. Kama kitabu chako cha mtihani kimeandika 38 jibu kama kitabu, ila kichwani uwe na 30 hadi 32.

Kwahiyo ni kama mara 15. Geuza hiyo namba upande wa pili: seli isiyotumia oksijeni ikitaka nishati ileile lazima ile sukari kama mara 15 zaidi. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliliona hilo miaka ya 1860 kabla mtu yeyote hajaijua ATP, kwamba hamira ikinyimwa hewa inamaliza sukari kwa kasi zaidi huku yenyewe ikikua kidogo.

Na iliyobaki? Haijapotea, imo kwenye kileo. Spiriti ikiguswa na kiberiti inawaka moto wa bluu, ule moto ni nishati ya sukari ambayo hamira iliiacha, na ni zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya nishati yote. Hamira imekula juu juu tu ikatupa. Asidi laktiki vilevile bado ina nishati nyingi, ila mwili wako una akili kuliko hamira kwenye hili, hauitupi, inaingia kwenye damu, moyo unaitumia kama chakula, ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Kuhema kwa nguvu baada ya mbio kumeisha ni sehemu ya kuleta oksijeni ya kazi hiyo, kama kulipa deni. Ndani ya kama saa moja hivi asidi yote imeshaondoka, kwahiyo yale maumivu ya kesho kutwa baada ya kulima au kucheza mpira sio asidi laktiki jamani, ni misuli iliyochanika kidogo kidogo na inajijenga.

Mtu atauliza, kama ni hasara hivyo kwa nini njia hii bado ipo? Kwa sababu ni ya haraka na haisubiri mtu. Na kuna maisha ambayo hayana namna nyingine. Seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina mitokondria, zinabeba oksijeni mchana na usiku na zenyewe hazionji, zinaishi kwa ATP 2 za glaikolisisi tu. Mpunga uliozama kwenye maji unachipua kwa kutumia njia ya kileo huku ukinyoosha kichipukizi kitafute hewa, mahindi kwenye bonde lililotuama maji siku kadhaa yanageuka njano na kufa. Vijidudu vya pepopunda vyenyewe oksijeni inaviua, ndo maana tundu jembamba refu la msumari ni la hatari kuliko mchubuko mpana, safisha, nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo, usifunge tu kitambaa.

Na muhogo mchungu. Sianidi iliyomo inaziba kituo cha mwisho kabisa kwenye mitokondria, pale elektroni zinapokabidhiwa kwa oksijeni. Mtu anahema, damu yake imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia, stoo imefungwa na makreti yamejaa mlangoni. Ndo maana bibi zetu walimenya, wakaloweka siku kadhaa, wakaanika ndo wakatwanga, usifupishe hizo hatua hata kama njaa inauma.

Hatua ya 8: fungua chupa za chai

Siku ya tatu rudi kwenye choroko. Soma themomita zote mbili kabla ya kutoa pamba, andika, linganisha na namba za mwanzo. Iliyo na mbegu zilizochemshwa itakuwa sawasawa na chumba. Iliyo na mbegu hai itakuwa imepanda nyuzi kadhaa, na ukishika mbegu zenyewe kwa kiganja unalisikia joto, zina umande, zinanukia shamba lililolowa. Kama haikupanda, angalia mambo mawili: labda ulizibana na kifuniko zikakosa hewa, au uliziweka kabla hazijaanza kutoa mikia.

Joto hilo ndo sehemu ya mwisho ya hesabu yetu. Hata penye oksijeni seli haiipati nishati yote kama ATP, inashika kama theluthi moja, nyingine inatoka kama joto, na kwa mwili wako joto hilohilo ndo linalokuweka kwenye nyuzi 37. Choroko haina nguo wala damu ya kulihifadhi, bila chupa ya chai lingepotea hewani usingelijua. Ukimaliza kupima usizile hizo, zimepita kwenye klorini, zilizo hai zifukie kwenye ndoo ya udongo umwagilie, nyingi zitaota.